Mtume Mtoto Akalete Chujio

Ukitaka kujua kama mtoto anakijua Kiswahili, usimwulize rangi za bendera wala usimwambie ahesabu mpaka ishirini. Mtume jikoni. Mwambie, "Mwanangu, kaniletee chujio, liko nyuma ya sufuria kubwa, na ufunike ule wali usipoe." Akirudi na chujio, na wali umefunikwa, anakijua. Akirudi mikono mitupu na kuuliza kwa Kiingereza ni kitu gani hicho, basi hayo mengine tuliyomfundisha Jumamosi ni nyimbo tu.

Naandika haya kwa sababu ya swali la mzazi mmoja wa darasa la kati. Mwanawe hucheza kila jioni na watoto wa jirani, familia iliyotoka Haifa, kama zilivyo familia kadhaa huku kwetu kaskazini mwa Manchester. Sasa akiingia nyumbani anaita friji mekarer na taulo magevet. Mzazi ana wasiwasi: Kiswahili chenyewe hakijakaa, Kiebrania cha nini tena? Si atachanganyikiwa? Wapo pia wazazi ambao, kwa habari wanazozisikia kila siku kutoka upande ule, wakisikia Kiebrania moyo hauwatulii. Nawaelewa. Lakini mtoto aliyejua jina la taulo hajaingia katika siasa ya mtu yeyote. Mimi nasema mwacheni ajifunze. Tena nasema zaidi ya hapo: sisi wazazi na walimu tuna la kujifunza kutoka kwa Kiebrania, hasa kwa maneno yake ya vyombo vya nyumbani, maana ni lugha iliyorudi vinywani mwa watu kwa kupitia jikoni.

Kwa karne nyingi Wayahudi walisali kwa Kiebrania, wakakisoma, wakaandika kwa Kiebrania barua, mashairi na vitabu vya sheria. Wale waliotoka nchi mbalimbali walipokutana katika masoko ya Yerusalemu, walikitumia ili waelewane. Lakini wakirudi nyumbani walisema Kiyidi, au Kiladino, au Kiarabu, au lugha nyingine ya nchi waliyokaa. Hapakuwa na mtoto aliyebembelezwa kwa Kiebrania, akatumwa kwa Kiebrania, akakemewa kwa Kiebrania kwa kumwaga maziwa.

Mwaka 1881 kijana mmoja, Eliezer Ben-Yehuda, aliyezaliwa mwaka 1858 katika Dola la Urusi, alihamia Yerusalemu pamoja na mkewe Devora. Walikubaliana kwamba ndani ya nyumba yao haitasemwa lugha nyingine ila Kiebrania. Ni rahisi kuapa hivyo. Kazi ilianza asubuhi, ilipofika saa ya kunywa kahawa. Husimuliwa kwamba bwana alipotaka kahawa yenye sukari hakuwa na maneno ya kutosha ya kuiagiza. Lugha yake ilikuwa na maneno ya malaika, ya dhabihu na ya kesi za mirathi, lakini ya kisahani na kijiko cha chai ilipungukiwa. Basi ikawa ni kumwambia mkewe: chukua hiki, fanya hivi, niletee kile, ninywe. Wazazi, tusicheke. Ni wangapi wetu tunaowaambia watoto, "Niletee ile thing iko pale kwenye nanii"? Tofauti ni kwamba Ben-Yehuda alikosa neno kwa sababu halikuwapo. Sisi maneno tunayo, mengi na mazuri, ila tumeyaacha nyumbani kwa bibi.

Mwaka 1882 walizaa mtoto wa kiume, Itamar, na hapo shida ikazidi. Mtoto anataka kucheza na mwanasesere, anaoga, anafuta kamasi, anakula kiwanda cha mayai. Kila kimoja kinataka jina. Baba akakaa na vitabu vya kale akitafuta mizizi ya maneno, akaunda: buba kwa mwanasesere, magevet kwa taulo, mimkhata kwa kitambaa cha kufutia pua, khavita kwa mayai ya kukaanga, ofanayim kwa baiskeli. Hakuyatunga hewani. Magevet limetoka katika kitendo cha kukausha kwa kufuta; na leo lile fimbo lenye mpira wanalosukumia maji sakafuni wakipiga deki huitwa magav, mzizi ni uleule. Ofanayim limetoka katika ofan, yaani gurudumu, likaongezwa mwisho unaoonyesha viwili: magurudumu mawili. Mwisho huohuo utausikia katika misparayim, mkasi, na mishkafayim, miwani. Vitu vinavyokwenda viwiliviwili vina alama yao.

Si kila neno lake lilipokelewa. Nyanya alitaka iitwe badura, kwa kufuata Kiarabu. Watu wakachagua agvaniya, neno ambalo yeye hakulipenda kabisa kwa sababu mzizi wake una habari za mahaba na tamaa. Leo nenda sokoni Tel Aviv uombe badura kwa Kiebrania, uone kama utapewa nyanya. Mtu aliyeanzisha kamusi kubwa, ambayo ilikuja kukamilika mwaka 1959, miaka mingi baada ya kufa kwake mwaka 1922, ikiwa na majuzuu 17, alishindwa na wanunuzi wa mboga. Napenda sana habari hii. Neno la jikoni haliamuliwi na profesa, wala na mwalimu wa Jumamosi. Linaamuliwa na anayepika na anayetumwa.

Na aliyelisambaza zaidi ni mtoto. Mwaka 1898 ilifunguliwa shule ya chekechea ya Kiebrania katika kijiji cha Rishon LeZion. Watoto wadogo walijifunza pale majina ya vitu, wakayapeleka nyumbani kwa mama zao ambao walikuwa wakisema Kiyidi. Mama akajifunza kwa mwanawe kuita kiti na meza. Wahamiaji wazima nao, kuanzia mwaka 1949, wakawekewa madarasa yao maalumu ya lugha, yaitwayo ulpan, la kwanza likiwa Yerusalemu.

Kuna upande wa habari hii ambao sitaki tuuige. Itamar alizuiliwa kusikia lugha nyingine yoyote, hata akakosa watoto wa kucheza nao, kwa sababu hawakuwapo wengine wanaosema lugha yake. Alichelewa sana kuanza kusema. Yeye mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba siku moja baba alirudi akamkuta mama anamwimbia wimbo wa Kirusi, akakasirika mpaka akaivunja meza. Lugha inayolindwa kwa kuvunja meza inamtia mtoto hofu, na mama wa watu alikuwa anabembeleza tu. Nimewahi kusikia wazazi wetu wakijisifu kwamba mtoto akisema Kiingereza mezani hapewi chakula. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto atakayehusisha Kiswahili na njaa atakiacha siku atakayopata mshahara wake.

Na kama hofu ni kuchanganyikiwa, tuangalie kwetu wenyewe. Mtoto wa Goma anasema Kiswahili barabarani, Kifaransa darasani, na nyumbani huenda ana lugha ya tatu. Watoto wa jamaa zetu Muscat wanasoma kwa Kiarabu, kisha wanamjibu bibi kwa Kiswahili cha Unguja. Hawakuchanganyikiwa. Wanajua lugha hii ni ya nani na ile ni ya nani. Kinachomwua Kiswahili mwanafunzi wetu si maneno thelathini ya Kiebrania aliyookota kwa jirani. Ni saa zote anazokaa na mama na baba wanaojua Kiswahili safi, nao wanamsemesha Kiingereza kibovu.

Sasa nyinyi watoto, haya ni yenu. Wengi wenu mna wenzenu shuleni wanaojua Kiebrania. Muulizeni rafiki yako majina ya vitu vya nyumbani kwao, kisha mpe ya kwenu. Mtashangaa. Tanuri la mkate kwake ni tanur. Sabuni ni sabon. Sukari ni sukar. Pilipili ni pilpel. Tofaa ni tapuakh. Kitunguu saumu? Kwake ni shum, na hiyo saumu yetu tuliipata kwa Waarabu wanaosema thum. Msumari wa ukutani ni masmer. Kijiko ni kaf, neno ambalo pia ni kiganja cha mkono, na ukipigwa kwa kiganja, kwa Kiswahili umepigwa nini? Kofi! Nyumba kwake ni bayit, kwa Kiarabu bayt, na Kiswahili kikaliweka neno hilo katika ushairi: beti. Waebrania nao hulitumia hivyohivyo, ubeti wa wimbo kwao ni bayit.

Msije mkaenda kumwambia mtu kwamba Kiswahili kimezaliwa na Kiebrania. Hapana. Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na sisi tuliishi na Waarabu pwani kwa karne nyingi tukachukua maneno. Mengine, kama pilipili, yalisafiri na biashara kutoka Bara Hindi yakaingia kila nyumba njiani. Lakini ni raha kumwona mgeni ana kitu chako.

Na mjihadhari, kuna maneno yanayofanana kwa kukudanganya. Rafiki yako akisema kise, anataka kiti, usimpe kisu. Mita kwake si kipimo, ni kitanda. Finjani tunayonywea kahawa sisi, na ambayo ukikaribishwa Oman utapewa mkononi, yeye akisema finjan anakusudia chombo cha kuchemshia, kile sisi tunachokiita dele. Na lekhem ni mkate, ingawa ndugu yake wa Kiarabu, lahm, ni nyama. Fikiria muuza nyama na muuza mkate wakitumana!

Nirudi kwa wazazi, maana jinsi jirani yangu mmoja Mwebrania anavyowafundisha wanawe ndiyo ninayotaka tuitazame. Hampi mtoto neno pekee. Anampa na mwenzake. Katika Kiebrania kila kitu ni mume au mke: kiti kikubwa ni kise gadol, mlango mkubwa ni delet gdola. Meza, shulkhan, ni mume, lakini zikiwa nyingi zinavaa mwisho wa kike, shulkhanot, na huku bado zinahesabiwa kama wanaume. Huwezi kuyajua hayo kwa kukariri orodha. Unayajua kwa kusikia mlango umefungwa na meza zimesogezwa, kila siku.

Kiswahili ni hivyohivyo, labda zaidi. Mtoto anayejua neno "kijiko" hajui kitu mpaka ajue kimeanguka, kilete, viko wapi, hivi si vyetu. Ufagio mmoja, fagio mbili. Ufunguo umepotea, funguo zimepatikana. Na uma mmoja wa kulia, wawili ni nyuma, jambo ambalo hata watu wazima wetu hubishana. Halafu ona jinsi Kiswahili kinavyozaa vyombo kutoka kwa vitendo: fagia, ufagio, funika, kifuniko, chuja, chujio, chana, chanuo, fungua, ufunguo. Mwebrania hufanya kama hivyo kwa kuweka ma mbele: patakh ni kufungua, mafteakh ni ufunguo, kuchana nywele kunazaa masrek, chanuo. Mtoto akishaishika siri hii hahitaji kufundishwa kila neno. Atakisia mwenyewe.

Kwa hiyo sizipendi zile karatasi za kubandika. Najua nusu ya nyumba zetu zina vijikaratasi ukutani: MLANGO, DIRISHA, FRIJI, MEZA. Wiki ya kwanza vinasomwa, ya pili vinadondoka, ya tatu vimo ndani ya mashine ya kufulia. Karatasi haimtumi mtoto. Haimwambii "usiugonge mlango, mdogo wako amelala." Wala sioni faida ya zile picha za simu zenye mtungi, jembe na ngoma, ambazo mtoto wa hapa hatavigusa maisha yake. Mwanzisheni na vitu anavyovishika asubuhi: mswaki, taulo, bakuli, blanketi, foronya ya mto, swichi ya taa.

Wala msione haya kwamba friji, taulo na swichi ni maneno ya kuazima. Meza yenyewe tuliazima kwa Wareno, na foronya pia. Sahani kwa Waarabu. Kabati kwa Waingereza. Kiebrania kiliamua taulo liwe magevet, sisi tukaona taulo linatosha. Wao wana Akademia yao ya lugha tangu mwaka 1953, sisi BAKITA tangu mwaka 1967, na kazi yao ni muhimu. Anayependa jokofu na runinga aseme jokofu na runinga. Lakini ugomvi wa neno lipi ni safi usiwe sababu ya kulala bila kumsemesha mtoto.

Ninachopendekeza ni kidogo. Chagueni sehemu moja ya nyumba, na kwangu mimi iwe jikoni, ambamo mtu mzima atasema Kiswahili tu. Mtu mzima, nimesema. Mtoto akijibu Kiingereza, mjibu kwa Kiswahili, endelea kukuna nazi. Mpe kazi halisi, si ya kuigiza: aoshe mchele, apange sahani, akoroge uji kwa mwiko, aweke kawa juu ya chakula cha baba aliyechelewa kazini. Kama nyumbani hamna mwiko wala kawa, ombeni mtu anayekwenda likizo awaletee. Kwa wenye bibi au shangazi mbali, piga simu ya video wakati anapika, uiweke simu juu ya kabati, na mtoto aulize hiki nini, kile cha kazi gani. Bibi atafurahi kuliko anavyofurahi kuulizwa "hujambo, habari za huko" kila Ijumaa na mtoto akakimbia.

Maana tatizo letu hasa ni hilo la bibi. Watoto wetu wengi wanamsalimia vizuri sana. Shikamoo wanaijua, hali ya hewa wanaijua. Halafu wanakwenda Tanga au Mombasa mwezi wa nane, bibi anasema, "Mjukuu wangu, niletee mbuzi nikune nazi," na mtoto anatoka uani kumtafuta mnyama. Tunacheka, na ni kichekesho kweli. Lakini siku ya tatu bibi anaacha kumtuma. Anamtuma mtoto wa jirani. Mjukuu anakaa sebuleni na simu, na likizo ya wiki nne inaisha hawajapika pamoja chungu kimoja.

Katika Biblia, kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, kuna mama wa Shunemu aliyemwandalia nabii Elisha chumba cha wageni. Aliweka vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Kwa Kiebrania ni mita, shulkhan, kise, menora. Watoto wa jirani yangu wanayatumia maneno hayohayo manne leo asubuhi wakitafuta soksi chini ya kitanda. Kwa karne nyingi yalibaki vitabuni bila mtoto wa kuyatumia, mpaka palipopatikana nyumba moja iliyokubali kuona haya, kukosa maneno, kuonyesha kwa kidole na kujaribu tena.

Yule mzazi wa darasa la kati nimemwomba jambo moja. Mtoto akisema mekarer, asimkemee. Amwambie, "Vizuri, na kwetu ni friji. Haya, lifungue, unitolee maziwa." Na Jumamosi ijayo kila mwanafunzi aje na chombo kimoja cha jikoni kwao, kisicho na ncha kali, pamoja na jina lake na kazi yake. Mwenye mbuzi ya nazi aifunge vizuri kwenye taulo.